Miezi Kumi na Mmoja ya Kulinda Kano Moja

Kila alfajiri, kabla sijampa farasi yeyote chakula, huinama nikapitisha mgongo wa mkono wangu nyuma ya miguu yake ya mbele, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, kwa sababu joto hujitokeza mapema kuliko maumivu. Ndivyo nilivyoligundua jeraha la jike mmoja wa rangi ya hudhurungi niliyekuwa nikimtunza kwenye mabanda ya upande wa Ngong Road, Nairobi. Hakuwa akichechemea, na kichwa alikuwa amekiinamisha kwenye hori akidai chakula chake kama kawaida. Hata hivyo, mguu wa kushoto ulikuwa na joto ambalo wa kulia haukuwa nalo, na nilipomtazama kwa ubavu niliona kano ya nyuma, utepe mgumu unaounganisha msuli na mfupa, imetuna na kujipinda kama upinde.

Daktari wa wanyama alikuja siku hiyohiyo, akampa dawa ya kupunguza uvimbe, lakini kipimo cha ultrasaundi akakiahirisha kwa juma moja, akieleza kwamba mchaniko wa kano huendelea kupanuka siku za mwanzo na picha ya mapema huweza kumdanganya mtu. Siku ya kipimo alinyoa nywele za nyuma ya mguu, akapaka jeli, na katikati ya kano iliyopaswa kuonekana nyeupe tukaona doa jeusi. Hapo ndipo nyuzi zilipokuwa zimekatika.

Mtu ambaye hajakaa na farasi hushangaa kusikia kwamba jeraha kama hilo linahitaji karibu mwaka mzima. Chini ya goti mguu wa farasi hauna nyama za kuukinga. Kuna mfupa, kano, mishipa na ngozi tu, na miguu miwili ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mnyama mwenye kilo 450 au 500. Kano hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole mno, na kinachoziba pengo ni kovu lisilovutika kama kano ya asili. Kovu hilo likiachwa bila kazi yoyote, nyuzi zake hujipanga ovyo. Likipewa kazi nzito mapema, hukatika tena. Matibabu yote yamo katika nafasi hiyo finyu iliyo kati ya kupumzika na kutembea.

Siku kumi za kwanza zilikuwa za maji na bendeji. Nilimwagia mguu maji baridi ya mpira kwa dakika 20, mara tatu kwa siku, kisha nikaukausha, nikauzungushia pamba nene na kufunga bendeji juu yake. Mguu wa pili, usioumia, nao niliufunga vivyo hivyo, kwani ndio uliokuwa ukibeba mzigo wa mwenzake. Bendeji isiyo na pamba ya kutosha, au iliyokazwa upande mmoja, huweza kuibana kano na kuleta jeraha jingine, kwa hiyo nilikuwa nikiifungua na kuifunga upya asubuhi na jioni, hata siku ambazo mgongo wangu ulikuwa ukiniuma kuliko mguu wake.

Ng'ombe wa methali akivunjika guu hujikokota hadi zizini. Kwa farasi, zizi lenyewe huwa hatari ya pili. Mnyama huyu ameumbwa kutembea na kula kidogo kidogo kutwa nzima, na akifungiwa ndani, matumbo yake nayo hulegea. Tulimwondolea nafaka karibu yote, kwa kuwa chakula cha nguvu kwa farasi asiyefanya kazi ni kumtafutia wazimu na maradhi, tukampa nyasi kavu za boma rhodes zilizolowekwa maji, na lusini kiganja tu. Nilihesabu mavi yake kila siku, jambo ambalo vijana wa bandani walilicheka hadi usiku mmoja wa juma la tatu, nilipokuta marundo mawili tu, tena makavu, naye akigeuka kulitazama tumbo lake na kuparua maranda kwa kwato. Farasi hawezi kutapika. Kinachoingia hakina njia nyingine isipokuwa mbele. Daktari alimpitishia mpira puani hadi tumboni, akaingiza maji na chumvi, nami nikakaa kando yake hadi karibu saa kumi na moja alfajiri, alipoachia rundo ambalo nililifurahia kuliko mshahara.

Hatari ya tatu ilikuwa mguu wa kulia. Wapenzi wa mbio za farasi wanamkumbuka Barbaro, farasi wa Marekani aliyeshinda mbio za Kentucky Derby mwaka 2006 na kuvunjika mguu wa nyuma wa kulia majuma mawili baadaye katika mbio za Preakness. Madaktari wa Pennsylvania walimfanyia upasuaji, na kwa miezi kadhaa dunia ilidhani ameokoka, lakini kwato za miguu mingine ziliharibika kwa laminitisi, ugonjwa unaolegeza tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato, na tarehe 29 Januari 2007 ilibidi alazwe milele. Jeraha la jike wetu lilikuwa dogo kwa kulinganisha, lakini tangu nilipoisoma habari ile siwezi kumtunza farasi mwenye mguu mmoja mbovu bila kugusa kwato zote nne na kupima mpigo wa damu nyuma ya kifundo. Mpigo ukiwa mzito na kwato ikiwa moto, hakuna kungoja asubuhi.

Upweke nao tuliutafutia dawa. Tulimletea mbuzi wa kulala naye, wakapatana siku ileile, ingawa mbuzi huyo alikula bendeji mbili kabla hatujajifunza kuzitundika juu.

Juma la tatu lilipokwisha tulianza matembezi ya dakika tano kwa kamba, na kila juma daktari aliporidhika tuliongeza dakika chache. Tulitembea kwenye njia ngumu ya murram, kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimefika na udongo mweusi huinyonya kwato na kuivuta kano kila hatua. Kila majuma sita fundi wa viatu alizipunguza kwato, maana ncha ikirefuka huongeza mzigo nyuma ya mguu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuja katika mwezi wa tatu, na haikutoka kwa farasi peke yake. Uvimbe ulikuwa umekwisha, joto limekwisha, manyoya yanang'aa, naye akitoka bandani anaruka kama mwanambuzi kila bodaboda inapopita. Mwenye farasi alikuja Jumamosi na tandiko mkononi.

"Mzee, huyu si amepona?"

"Amepona nje, mama. Ndani bado."

"Lakini anatembea vizuri kabisa."

"Hata siku ile aliyoumia alikuwa anatembea vizuri, mama."

Alinyamaza, akalirudisha tandiko garini. Nilimhurumia, kwa maana gharama zilikuwa zake na furaha aliyoinunua ilikuwa imefungwa ndani ya kuta nne. Kipimo cha siku chache baadaye kilionyesha doa lile likiwa limefifia, lakini bado lipo. Mwendo wa mbio ndogo, ambao kamusi huuita matiti ingawa sisi bandani husema troti, tuliuanza mwezi wa tano kwa dakika mbili tu kwenye mstari ulionyooka, na shoti nyepesi, yaani mwendo wa kasi zaidi, haikuja hadi mwezi wa tisa. Mara mbili mguu ulipata joto kidogo, na mara zote mbili tulirudi nyuma majuma mawili bila kubishana.

Mwezi wa kumi na mmoja daktari alimruhusu apandwe kama zamani, ila asirushwe vizuizi tena. Kano ya kushoto imebaki nene kuliko ya kulia, na itabaki hivyo. Leo asubuhi niliigusa; ilikuwa baridi, naye akanisukuma kwa pua kwa kumchelewesha kula.