Meno meupe, bila kuruka kitini

Mara ya kwanza kung'arishwa meno, usiku wake sikulala. Jino moja la mbele lilikuwa linachoma kama sindano, linatulia kidogo, linachoma tena. Hata kuvuta pumzi kwa mdomo sikuthubutu. Kesho yake maumivu yaliisha, ila niliapa sirudi.

Nikarudi baada ya miaka miwili, kwa daktari mwingine. Huyu siku ya kwanza hakugusa jeli ya kung'arishia. Alinipulizia hewa jino moja moja, alipofika kwenye lile lile nikaruka. "Hapa fizi imerudi nyuma," akasema, akanishikisha kioo. Kweli, juu ya jino palikuwa na mstari wa manjano uliopinda kama kipande cha ukucha. Ni mzizi, na mzizi hauna enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ya kuukinga. Mkosaji mimi mwenyewe: nilikuwa napiga mswaki kama nasugua sufuria.

Basi kwa wiki mbili nikatumia dawa ya meno ya kuzuia ganzi, yaani ule mchomo wa meno, yenye nitrati ya potasiamu 5%, asubuhi na usiku, kwa mswaki laini. Hiyo hutuliza neva ndani ya jino, lakini si kazi ya siku moja. Povu natema, maji sisukutui. Ladha yake inakera, unazoea.

Siku yenyewe aliziba fizi na ule mzizi kwa utando unaogandishwa kwa taa, kisha akanipaka jeli nyingine ya nitrati na floridi dakika kumi kabla ya kuanza. Peroksaidi, kemikali inayong'arisha iliyo kwenye jeli, haichelewi: dakika chache tu imeshapita enameli na kufika kwenye kiini cha jino, kwa hiyo kinga lazima itangulie. Badala ya mizunguko mitatu ya jeli ya kung'arishia, kila mmoja dakika 15, tukafanya miwili. Taa ya joto ya kung'arishia akaiweka kando. Joto huchokoza neva, na weupe inaoongeza ni kidogo. Nakiri ile taa ndiyo iliyokuwa imenivutia.

Siku mbili zilizofuata nilikunywa maji ya uvuguvugu, nikaacha barafu, soda na ndimu. Jioni ya kwanza jino lilichoma mara mbili. Nikalipaka ile dawa ya meno kwa kidole, nikaiacha hapo hapo, nikalala.

Mzunguko wa tatu nilirudi kuufanya wiki mbili baadaye. Nusura nisinzie kitini.