Logo moja, sweta na jaketi la mvua: faili lisiwe lile lile

Jamani hili nalisema kila siku na nitaendelea kulisema, faili la logo la mashine ya kudarizi, lile linaloiambia mashine ipige stichi wapi, likitoka poa kwenye sweta usilipeleke hivo hivo kwenye jaketi la mvua. Mteja analeta vyote pamoja, logo ile ile na rangi zile zile, na kwake yeye hiyo ni kazi moja, ila kwa fundi ni kazi mbili kabisa, maana sweta linavutika na kumeza uzi, jaketi lenyewe shida yake ni matundu.

Sweta kwanza. Nguo ya kufuma ni vitanzi tu vimeshikana, vinacheza huku na huku, sasa ukilivuta ili likae limekaza kwenye fremu, kile kibano kinachoshika nguo kwenye mashine, umeshaliharibu kabla hata hujawasha mashine, utadarizi duara safi kabisa, ukifungua fremu sweta linarudi saizi yake na duara limegeuka yai, alafu pembeni pamekunjamana. Mimi sweta silibani kabisa. Nabana bakingi peke yake, yaani ile karatasi ngumu inayokaa chini ya nguo kushika stichi, napuliza gundi ya spreyi kidogo, nalilaza sweta juu na kulipapasa kwa kiganja mpaka likae lenyewe. Na bakingi iwe ile ya kukata kwa mkasi sio ya kuchana, kwasababu ya kuchana ikishatoka stichi zinabaki hazina cha kuzishika, likifuliwa fuliwa logo inaanza kujikunja.

Juu yake tandika ile plastiki nyembamba inayoyeyuka kwenye maji. Hii naomba usiiruke! Bila hiyo uzi unazama katikati ya vitanzi na herufi nyembamba zinapotea. Iangalie kwa karibu "e" ndogo, kile kijitundu chake cha juu ndo cha kwanza kuziba, unaona sufi imechomoza pale na herufi haisomeki tena, ndo maana herufi za chini ya mm 6 kwenye sweta mimi nazikataa, bora tukae na mteja tuikuze logo au tuondoe yale maneno madogo ya chini. Pia weka stichi za msingi kwanza, zilaze zile sufi, ndo rangi ije juu. Sindano ya ncha ya mviringo, saizi 75/11 inatosha, inapita pembeni ya nyuzi badala ya kuzikata, maana uzi mmoja wa sweta ukikatika panafumuka.

Sasa jaketi. Kinachozuia maji ni utando au ile dawa iliyopakwa kwenye kitambaa, na kila sindano inaposhuka inatoboa. Logo ya kawaida ya kifuani inafika stichi 5,000 bila shida, piga hesabu hayo matundu. Na hayajifungi, hata ukifumua yanabaki pale pale yanakuangalia. Kwahiyo hapa unabadilisha kila kitu, sindano ya ncha kali na nyembamba, stichi ziwe chache, na kama logo ina rangi iliyojazwa nyuma itoe, acha rangi ya jaketi ifanye hiyo kazi. Uzi wa polista. Usishikize kwa pini hata moja, pini nayo ni tundu, na fremu usiikaze mno inaacha alama ambayo pasi haiwezi kuitoa bila kuhatarisha utando, ukiwa na fremu ya sumaku ni afadhali sana.

Kama lina bitana, ifungue kwenye mshono, darizi kitambaa cha juu peke yake, alafu kwa ndani ziba kwa tepu ya mishono inayogandishwa kwa joto, ndo urudishie bitana. Kama hakuna pa kufungulia, kwa maoni yangu darizi beji pembeni uje uigandishe kwa joto, hapo hutoboi kitu, ila jaribu kwanza mahali pasipoonekana kwasababu kuna vitambaa havipendi joto na vingine vinakataa gundi.

Mteja umwambie kabla hujaanza, kwamba pale penye logo bila tepu patapitisha maji. Na kabla hujamkabidhi laza jaketi mezani, weka tishu kavu chini ya logo kwa ndani, mwagia maji kijiko kimoja juu yake, acha dakika kumi ndo uitoe tishu uiangalie.