Ukiambiwa "ni kawaida ya ujauzito" kabla hujapimwa

Kuna majibu ambayo mama mjamzito huyasikia sana kwenye chumba cha kliniki, iwe zahanati ya kijijini Uru au hospitali kubwa ya Arusha mjini: "Ni kawaida ya ujauzito." "Mimba ya kwanza hiyo, utazoea." Na lile linalouma kuliko yote: "Unadeka."

Ubaya ni kwamba jibu la kwanza mara nyingi ni kweli. Miguu huvimba, mgongo huuma, kiungulia hupanda, pumzi hukatika ukipanda mlima. Lakini dalili hizohizo, zikibadilika kidogo tu, ndizo mwanzo wa kifafa cha mimba, kuachia kwa kondo la nyuma au upungufu mkubwa wa damu. Hakuna nesi wala daktari anayeweza kuzitofautisha kwa kumtazama mama usoni. Neno "kawaida" lije baada ya kipimo, na vipimo vya mwanzo ni vya dakika chache: presha, mkojo, mapigo ya moyo wa mtoto, wingi wa damu. Yanayofuata hapa ni namna ya kuvipata pale mtu wa zamu anapokuwa ameshaamua kwamba huna kitu.

Ieleweke kwanza kwamba kumdharau mgonjwa ni kosa la anayedharau, hata foleni ikiwa imefika getini. Lakini lawama haimpimi mama presha, kwa hiyo tuanze na kile kinachosemwa chumbani. Nesi anauliza, "Hujambo mama, unaendeleaje?" Mama anaitikia kiungwana: "Salama tu, ila mwili hauna nguvu." Kwenye kadi inaandikwa hana tatizo, na anayefuata anaitwa. Salamu itikia, shikamoo toa kwa aliyekuzidi umri, kisha usiendelee na neno la jumla. Sema vitu vinne kwa pumzi moja: ujauzito una wiki ngapi, dalili ilianza lini, imebadilikaje, na unaomba upimwe nini. Kwa mfano: "Sista, nina wiki 33. Tangu jana saa mbili usiku kichwa kinauma kwa mbele. Nimemeza paracetamol mbili, hakijatulia, na sasa naona vimulimuli. Naomba nipimwe presha na mkojo sasa hivi." Sentensi ya namna hiyo ni ngumu kuijibu kwa "pumzika, kunywa maji". Iandike kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, maana ukifika pale na mtu amekunja uso, nusu yake unaisahau.

Kichwa na presha nitavieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo "kawaida" inapoua.

Presha ya mimba huanza baada ya wiki 20. Mpaka wake ni 140/90: namba yoyote kati ya hizo mbili ikifikiwa, kipimo kirudiwe na mkojo upimwe protini. Ikifika 160/110 ni dharura. Inarudiwa ndani ya dakika 15, na ikibaki hapohapo dawa ya kushusha inaanza palepale, si kesho kliniki. Dalili zinazoendana nayo ni kichwa kisichosikia paracetamol, kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba (pete kubana ghafla ni ishara nzuri kuliko miguu), kutapika upya mimba ikiwa kubwa, na maumivu chini ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia. Hayo ya mwisho hupotea njia kuliko yote. Mama anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anapewa vidonge vya kiungulia, anarudi nyumbani na ini linaendelea kuumia. Kiungulia huchoma kikipanda kooni, huzidi ukilala baada ya kula, na hutulia kwa dawa yake. Maumivu ya ini yanakaa pale pale, na dawa ya kiungulia haiyagusi. Hata hivyo usitumie tofauti hiyo kujitibu. Itumie kuomba presha ipimwe.

Kipimo chenyewe kinaharibika kwa urahisi. Asubuhi za Juni na Julai Arusha kila mtu yuko ndani ya sweta, na utepe wa mashine unafungwa juu ya mkono wa sweta. Hapo namba haiaminiki. Mkono uwe wazi, uegemezwe usawa wa moyo, miguu yote miwili chini, mgongo umeegemea, kibofu kitupu, na ukae kimya dakika tano kabla. Utepe mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha. Ukiambiwa "imepanda kwa sababu umetembea", hoja hiyo ni halali kabisa, na jibu lake ni kupumzika robo saa kisha kupimwa tena. Kupewa tarehe ya mwezi ujao siyo jibu la hoja hiyo.

Angalia pia safu ya presha kwenye kadi yako ya kliniki. Ikiwa kila hudhurio limeandikwa 110/70, bila kupanda wala kushuka, na hukumbuki kufungwa utepe mkononi, basi kadi hiyo haijakuambia chochote. Na kama ulianza na 100/60 na leo una 135/85, hujavuka mpaka, lakini una sababu ya kuomba kipimo kirudiwe na tarehe ya karibu. Ratiba ya mahudhurio manane iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ina pengo la wiki sita kati ya wiki ya 20 na ya 26. Presha haiisomi ratiba. Ukiwa na dalili, nenda siku hiyohiyo, na kama kituo hakina mashine inayofanya kazi, pima kwenye duka la dawa lenye mashine ya mkono wa juu, waambie wakuandikie namba na saa, kisha urudi nayo.

Mkojo nao una kanuni yake. Mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati kwenye kopo safi, ukiwa umejisafisha kwa maji. Ute wa ukeni ukiingia, protini inaweza kuonekana ambayo haipo, au ukaambiwa una UTI na hadithi ikaishia hapo. UTI na presha ya mimba vinaweza kukaa kwa mama mmoja. Kupewa dawa ya kimoja hakufuti kingine. Na mkojo usio na protini haufuti presha ya juu yenye kichwa na vimulimuli.

Sasa mtoto kutocheza. Hapa majibu ya haraka ni mengi: "amelala", "amekua, nafasi imebana", "kunywa soda ya baridi". Mtoto tumboni hulala kwa vipindi vya dakika 20 hadi 40, na ni nadra kuzidi dakika 90. Kwa hiyo "amelala" haiwezi kuwa jibu la tangu jana. La nafasi kubana ni kosa: karibu na kujifungua namna ya kucheza hubadilika, mateke yanakuwa kujinyonganyonga, lakini hakupungui. Soda haijathibitika kusaidia, na inakula saa za safari.

Kuanzia wiki ya 28 ujue mtoto wako ana desturi gani, maana kila mmoja ana yake. Ukiona amepungua, acha kazi, lala ubavu wa kushoto, weka mkono tumboni na uhesabu. Kama hujafikisha michezo 10 ndani ya saa mbili, nenda hospitali usiku huohuo. Ukifika, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe dakika nzima huku anayesikiliza ameshika mshipa wa mkono wako, kwa sababu mapigo ya mama mwenye hofu yakienda mbio huweza kudhaniwa ni ya mtoto. Ya mtoto ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kusikika mara moja kunathibitisha kwamba yu hai dakika ile, basi. Kama bado hachezi, omba kupelekwa kwenye mashine ya kurekodi mapigo, na ultrasaundi ikipatikana. Vile vifaa vidogo vya kusikilizia nyumbani vinavyouzwa mtandaoni achana navyo: mtu ambaye hajafundishwa husikia damu ya kondo au moyo wake mwenyewe, akatulia wakati hapaswi kutulia.

Damu nitaisema kwa ufupi kwa kuwa wengi wanaiogopa tayari, lakini maelezo yanakosekana. Hesabu pedi: imeloa yote kwa muda gani, rangi ni nyekundu au kahawia, kuna mabonge, kuna maumivu? Damu isiyo na maumivu mimba ikiwa kubwa inaweza kuwa kondo lililokaa kwenye mlango wa kizazi, na hapo usikubali kuingizwa vidole kabla ultrasaundi haijaonyesha kondo liko wapi. Damu yenye maumivu na tumbo gumu kama ubao ni kondo linaloachia, na inayotoka nje inaweza kuwa kidogo sana kuliko iliyobaki ndani, kwa hiyo "ni matone tu" si hoja. Mwanzoni mwa mimba, maumivu ya upande mmoja pamoja na kizunguzungu au maumivu ya bega yanahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Ukiwa na kundi la damu lenye alama ya hasi, taja hilo bila kuulizwa: sindano ya kinga baada ya kutokwa damu inatakiwa ndani ya saa 72.

Mengine ya kutopuuzwa: mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwenzake, kushindwa kulala bila kuinuliwa na mito, viganja na nyayo kuwasha usiku bila vipele, maji yanayotiririka bila uchungu, homa. Kuhusu pumzi, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na lawama huishia kwenye mlima. Omba wingi wa damu upimwe. Chini ya 11 (gramu kwa desilita) ni upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali ambao FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki, peke yake haiutibu. (FEFO na chai ya saa nne havipatani, tenganisha kwa saa mbili hivi.)

Tuseme umesema yote hayo na bado umeambiwa nenda nyumbani. Usigombane. Sema kwa sauti ya kawaida: "Naomba uandike kwenye kadi kwamba nimelalamika kichwa na kuona ukungu, na kwamba presha haijapimwa leo." Ombi hili linafanya kazi kuliko kelele, kwa sababu kadi inasomwa na wengine na ina saini. Mara nyingi mashine ya presha hupatikana hapohapo. Ikishindikana, muulizie muuguzi mfawidhi, kisha daktari wa zamu, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Kwenye hospitali kubwa kuna afisa ustawi wa jamii, ambaye wengi wanadhani ni wa msamaha wa malipo tu. Naye anaweza kukuingiza kwa daktari. Nenda na mtu, wifi au mume au jirani mwenye utulivu, ambaye kazi yake ni moja: kurudia ile sentensi yako ukichoka. Kwa mama anayezungumza Kimaasai zaidi ya Kiswahili, aliyetoka Monduli au Longido, mtu huyo ni wa lazima. Malalamiko ya maandishi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri au Baraza la Uuguzi na Ukunga yana nafasi yake, lakini ni ya wiki ijayo. Leo tafuta kipimo.

Na kipimo kinaweza kuwa kituo kingine. Dharura haihitaji barua ya rufaa mkononi. Moshi kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC ambayo ni ya kanda. Arusha kuna Mount Meru. Kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na waliojifungua kuna m-mama, namba 115, bila malipo. Anayeishi juu, Kibosho au Machame, asisubiri giza wakati wa masika. Bodaboda kwenye tope na mama mwenye kizunguzungu ni hatari ya pili. Ukipewa rufaa rasmi, soma karatasi kabla ya kuondoka: iwe na presha na saa iliyopimwa, dawa ulizopewa, kiasi na saa. Kwa presha kali, dozi ya kwanza ya sindano ya magnesiamu salfeti, ya kuzuia kifafa, hutolewa kabla ya safari, na isipoandikwa, kule uendako hawatajua kama waendelee au waanze upya.

Hatari ya presha haiishi kwa kujifungua. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, zaidi siku za mwanzo, na dalili zifuatiliwe hadi wiki sita. Mama wa siku ya nane akifika mapokezi tumbo limeshashuka na mtoto kaachwa kwa bibi, anapangwa foleni ya wagonjwa wa kawaida na kupimwa malaria. Kwa hiyo neno la kwanza dirishani, kabla ya jina na kabla ya kichwa kinachouma, liwe: "Nimejifungua siku nane zilizopita, naomba presha."