Kile kisanduku kwenye mlango wa kontena

Nilipoanza kazi Kilindini nilikuwa karani wa kuhesabu makontena: kofia ngumu, ubao wa kuandikia, tochi. Meli ikishusha usiku, nasimama chini nanakili nambari za milangoni, asubuhi zinaingizwa kwenye kompyuta. Wiki yangu ya pili mvua ya masika ilinyesha hadi karatasi ikawa uji. Kulipokucha mzee wa ofisini akaniita.

"Binti yangu, hili kontena lako halipo duniani."

Nikadhani ananitania. Kumbe 8 yangu nimeiandika 3, na kompyuta imeikataa palepale.

Akachukua karatasi iliyofungiwa mahamri, akanipigia hesabu juu ya madoa ya mafuta. Nambari ya kontena ina herufi 3 za mwenyewe (husajiliwa Paris, nilishangaa), kisha U, tarakimu 6, na moja ya mwisho iliyozungushiwa kisanduku. Hiyo ya mwisho ni askari wa zile 10 zilizotangulia. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, maana 11 hurukwa, na 22 na 33 vilevile. Ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo maradufu hadi 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, baki ndiyo ya kisandukuni.

Chukua CSQU 305438. Jumla 6185, baki 3. Ile 8 ukiigeuza 3, jumla inashuka hadi 3625, baki 6. Kisanduku kinasema 3. Umeshikwa.

Bila hivyo ni balaa. Yadini programu inalijua kontena kwa nambari na mahali lilipopangwa: bloku, safu, la ngapi kutoka chini. Nambari ikikosewa unaliona kwa macho, kompyuta inakuapia halipo, na ada ya kuhifadhi inapanda kila siku.

Siku hizi nafanya klaringi, yaani kuwatolea watu mizigo bandarini, ofisi yangu iko Magongo juu ya duka la vipuri. Vijana wangu wanaamini mashine kupita kiasi. Nawaambia askari huyu ana jicho moja bovu: baki ikiwa 10 haitoshi kisandukuni, huandikwa 0. Kwa hiyo makosa mengine hupenya hapo. Kontena likiishia na sifuri, nasoma mlango mara mbili, na kijana naye asome.