Waliniita Mwarabu

Kiangazi cha 1986 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Belgrade, kwa ufadhili wa serikali ya Yugoslavia, kama vijana wengi waliotoka nchi zisizofungamana na upande wowote. Likizo ilipoanza, wenzangu wenye vijisenti walikwenda London kuosha vyombo mahotelini. Mimi nauli sikuwa nayo. Mwenzangu wa chumbani, Mwalbania, akaniambia twende kwao, kuna bahari na mama yake anapika.

Kwao ni Ulcinj, mji mdogo ulioko mwisho kabisa wa kusini mwa Montenegro, wakati ule jamhuri mojawapo ya Yugoslavia. Ukitoka hapo ukavuka mto Bojana, uko Albania.

Tulipanda treni ya usiku mpaka mji wa bandari uitwao Bar. Reli ile ina urefu wa kilomita 476, ilifunguliwa mwaka 1976, na ina mahandaki 254. Nilianza kuyahesabu nikapitiwa na usingizi kabla ya ishirini. Kulipokucha mwenzangu akanitikisa makusudi ili nichungulie chini tukiwa juu ya daraja la Mala Rijeka, karibu mita 200 kutoka bondeni. Nilichungulia mara moja. Kutoka Bar tulidandia basi, na tuliposhuka tu nikasikia adhana. Miaka mitatu nilikuwa sijaisikia ikitoka mnarani. Nilisimama na begi langu begani mpaka ikaisha.

Siku ile niliokota maneno kama mtoto anayeokota kombe ufukoni. Belgrade duka ni *prodavnica*. Ulcinj nikasikia *dućan*. Mnara wa saa, wa mwaka 1754, wanauita *Sahat-kula*. Sabuni ni *sapun*, sanduku ni *sanduk*, na kikombe kidogo cha kahawa, kile ambacho kwetu Pangani wazee wanakiita finjani, wao ni *fildžan*. Mturuki aliuteka mji ule mwaka 1571 akakaa miaka mia tatu na ushei, mpaka mwaka 1880 mataifa makubwa yalipomtolea manowari ili aukabidhi kwa Montenegro. Maneno hakuondoka nayo.

Nyumbani kwao tulimkuta bibi yake amekaa chini ya mtini anamenya maharage. Kilemba cheupe, mikono myembamba, macho makali. Alinitazama, akaacha maharage, akasema, "Arap." Halafu akaongeza, "*I kujt je?*"

Mwenzangu akacheka ile ya kuona haya. Nikamuuliza amesema nini.

"Anauliza, wewe wa nani."

Swali hilo nalijua. Pangani huwezi kupita barazani kwa wazee bila kuulizwa, "Mtoto wa nani wewe?" na ukishajibu utatajiwa babu yako, mtumbwi wake na madeni yake. Lakini huyu bibi wa Kialbania alitaka kunitajia babu gani? Nikampa shikamoo kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo iliyokuja mdomoni, nikataja jina langu na la baba. Akatikisa kichwa. Akauliza tena, safari hii akitaja majina ya nyumba za pale mjini, moja baada ya nyingine, na kila moja akinitazama usoni kuona kama nitaitika.

Ndipo mwenzangu akanieleza. Ulcinj ulikuwa mji wa mabaharia na maharamia. Katika karne za 18 na 19 manahodha wake walikuwa wakienda Tripoli ya Libya, na baadhi yao walirudi na watoto weusi walionunuliwa. Wakakulia majumbani, wengine wakawa mabaharia, wakaoa, wakazaa. Wakaitwa Arap. Kwa watu wa kule neno hilo halichagui: Mwarabu ni Arap, na mtu mweusi ni Arap. Wachache wa uzao ule walikuwa bado wapo mjini. Mpiga picha Rizo Šurla, aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyejulikana kuliko wote. Bibi alidhani mimi ni wa nyumba mojawapo, nimerudi kutoka masomoni na sitaki kujitambulisha kwa wakubwa.

Jioni tulipanda kwenye mji wa kale, juu ya jabali linaloangalia bahari. Tetemeko la Aprili 1979 lilikuwa limeutikisa vibaya na kuta nyingi zilikuwa bado na nyufa. Juu kuna msikiti uliokuwa kanisa, na mbele yake kiwanja kidogo kilichozungukwa na vyumba vya mawe vyenye matao, vifupi, vya kuingia umeinama. Wanakiita *Trg robova*, Kiwanja cha Watumwa. Watu wa pale wanapenda kusimulia kwamba hata Cervantes, yule mwandishi wa Kihispania, alifungwa humo. Ninavyojua, yeye alifungwa Algiers. Niliingia chumba kimoja nikagusa ukuta. Baridi, na unyevu ulinibakia kiganjani.

Pangani nako kuna mlango wa mto, na kuna majumba ya mawe. Misafara ya kutoka bara ilishukia pale na pembe za ndovu na watu. Nyumbani kwetu Bibi yangu alitufundisha kwamba sisi ni Waarabu wa Shihiri, kule Yemen, na babu wa babu alikuja kwa jahazi. Hilo la jahazi silikatai. Lakini mama yake Bibi hakuwa na kabila. Ukiuliza, unaambiwa "mtu wa pwani," na mazungumzo yanahamia kwenye samaki. Siku moja tu, katika ugomvi wa shamba, nilimsikia jirani akitamka neno "wazalia", yaani watumwa waliozaliwa huku huku pwani, mbele ya mlango wetu, na Bibi akafunga dirisha.

Nilitoka katika kile chumba bila kumwambia mwenzangu lolote. Tulikwenda kula.

Nilikaa wiki mbili. Bibi yake hakuacha kunihesabia nyumba za mjini. Nadhani hakuamini kabisa ile habari ya Tanzania. Siku ya kuondoka alinipa chupa ya mafuta ya zeituni ya shamba lao, ameifunga kwa gazeti na kamba.

Niliifikisha Pangani mwaka 1988, nusu yake imeshaliwa bwenini. Bibi akaifungua, akanusa, akajipaka kidogo gotini. Akataka kujua huko Uzunguni watu walikuwa wananiitaje.

"Kuna mji mmoja wa Waislamu," nikamwambia, "waliniita Mwarabu."

Bibi akageukia shangazi zangu waliokuwa wanachambua mchele.

"Mmesikia? Hata hawanijui!"

Nikanyamaza, nikamsogezea chupa.