Bethdei ya Ohio darasani, walimu wenzangu tufanye zaidi

Ohio ilizaliwa tarehe 1 Machi 1803, jimbo la 17 la Marekani, na hapa darasa la nne ndo wanasoma historia ya jimbo, kwahiyo Machi ikikaribia kila ticha anahangaika atafanya nini, mwisho tunawapa watoto picha ya kadinali, ndege wa jimbo, wapake rangi wakale keki. Sio vibaya ila hawa watoto wanaweza mengi jamani.

Mimi naanza na stori ya 1953. Jimbo linajiandaa kutimiza miaka 150, ikaonekana kumbe Kongresi, yaani bunge la Marekani, ya 1803 haikuwahi kupitisha rasmi azimio la kuipokea Ohio kuwa jimbo! Likaandikwa ombi jipya, likapitishwa Chillicothe, mji mkuu wa kwanza, likapelekwa Washington kwa farasi, na Agosti Rais Eisenhower akasaini, tarehe ikahesabiwa kuanzia kulekule 1803. Sasa hapo wagawe makundi, kila kundi liandike ombi lake kwa nini tupokewe, wabishane weee, wapige kura, halafu mmoja awe farasi alikimbize ofisini kwa mwalimu mkuu likasainiwe (ongea nae kabla). Kuna kijana katokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kiingereza bado kigumu kwake, alitetea ombi la kundi lake kwa Kiswahili mimi namtafsiria, na kura zikamwendea yeye. Nilifurahi mno.

Bendera nayo ni kazi nzuri ya mkasi na gundi, manake ni bendera pekee ya jimbo Marekani ambayo sio mstatili, ina mkia wa mbayuwayu, na nyota 17 wazihesabu wenyewe.

Halafu mto. Tandika kitenge cha bluu sakafuni, huo ndo mto Ohio enzi za utumwa, upande huu wa Ohio utumwa umepigwa marufuku, ng'ambo ni Kentucky, utumwa upo. Weka taa kwenye kiti kirefu, hiyo nyumba ya mchungaji John Rankin juu ya kilima pale Ripley, familia yake iliwapokea na kuwaficha watu waliotoroka wakavuka. Ila nawaomba sana, msimwigizishe mtoto yeyote kuwa mtumwa wala bwana, ramani na taa vinatosha kabisa.

Na msianzie 1803 kana kwamba kulikuwa tupu. Wenyeji wa asili, Washawnee, Wamiami, Wawyandot, walikuwa wanaishi hapa, na Wawyandot ndo wa mwisho kuhamishwa, mwaka 1843, wakapelekwa Kansas. Watoto wa familia za wakimbizi wakisikia hili wanauliza maswali mazito kuliko wote, waachie muda, usikimbilie kipindi kingine.

Mimi natundika uzi ukutani kutoka mlango hadi dirishani, miaka yote hiyo inabanwa kwa vibanio vya nguo, kisha kila mtoto anaongeza karatasi yake: mwaka ambao familia yao ilifika Ohio. Uzi unakaa hapo mpaka shule zifungwe.