Umri wa kwenye kadi hautoshi

Kwenye kliniki yetu ya wazee hapa wilayani Hai, Kilimanjaro, umri ndio tunaouandika kwanza kwenye kadi, na mara nyingi ndio unaonisaidia kidogo kuliko yote. Kuna bibi wa miaka 81 ambaye bado anakata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani. Halafu kuna mzee wa miaka 68. Presha iko sawa, sukari iko sawa, lakini mkanda wake una tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. "Nimepungua kidogo tu, mwanangu." Huyu ndiye ananinyima usingizi.

Kupungua uzito bila kukusudia ni mojawapo ya dalili tano za udhaifu wa uzeeni ambazo mtafiti Linda Fried na wenzake walizipanga kule Marekani mwaka 2001. Nyingine ni uchovu usioisha, mkono kukosa nguvu ya kukaza, mwendo wa polepole na kupunguza shughuli. Ukiwa na tatu, umeshadhoofika. Moja au mbili, uko njiani. Walifuatilia wazee zaidi ya 5,000, na waliodhoofika ndio walioanguka, kulazwa na kufariki zaidi.

Kule Kanada, watafiti Kenneth Rockwood na Arnold Mitnitski waliupima udhaifu huo kwa kuhesabu matatizo ya afya. Chukua orodha ya matatizo 40. Mwenye 10 kati ya hayo ana alama 0.25, na alama ikipanda, udhaifu umezidi. Ni nadra kumkuta mtu aliye hai amevuka 0.7. Tena wanawake huwa na alama za juu kuliko wanaume wa rika lao, na bado wanaishi zaidi. Nikitazama benchi letu lilivyojaa wajane, naamini.

Mimi nategemea zaidi mwendo. Nimebandika utepe sakafuni, mita 4, na saa ni ya simu. Anayezidi sekunde 5 namfuatilia kwa karibu. Mzee wangu alitumia 8, mkono ukipapasa ukuta. Nikamuuliza anakula nini. Tangu mkewe afariki, ni chai na mkate. Basi tukaanzia hapo: maharage, mayai, na kuinuka kitini bila kushika, asubuhi na jioni, mkwewe akiwa karibu. Udhaifu huu ukiwahiwa, unaweza kurudi nyuma.

Desemba mkija nyumbani huku Moshi, muangalieni mzee anavyoinuka kwenye kiti na anavyovuka uwanja. Akisuasua, mleteni, hata kama presha yake ni nzuri.